Thumuni ya Inchi

Thumuni, nasema, si ile sarafu
iliyoacha kununua hata peremende.
Thumuni ya inchi: upana wa ukanda
nilioivisha leo mashine ya marehemu Kalsi,
chuma kizee nilichokinunua kwa deni
siku karakana yake ilipopigwa mnada.

"Fundi, huu ni uzi," kasema Ambaisi.
Ni uzi, kweli. Uzi wenye meno.

Jana tulipasua mkangazi kwa ukanda wa inchi nzima,
ukanda mkaidi, unaojua njia moja tu,
mbele, mbele, kama lori la changarawe.
Uonyeshe kona uone: unanuna, unafuka moshi,
unaacha ubao na kovu jeusi.

Leo nimelegeza mkazo, robo zamu ya skrubu, kisha robo tena.
Nimeng'oa vishikizo vya chuma vinavyosaga meno haya madogo,
nikachonga vingine viwili vya mvule,
nikavilaza usiku kucha ndani ya mafuta ya injini.
"Mti uushike msumeno?" Ambaisi hakuamini.
Naam. Chuma kwa chuma huishia kugombana.

Mwalimu Khavere wa chekechea ya Manyatta
ameagiza herufi ishirini na nne,
za kushikwa, za kung'atwa, za kunyang'anywa.
Q na X hakutaka. Halafu akashusha sauti,
kama mtu anayeomba kuongezewa mchele:
"Na ritifaa moja. Ya ng'ombe, ya ng'ambo.
Nina watoto tisa majina yao yanaihitaji."

A ilikuwa mteremko. E, L, M, mzaha.
Lakini S!
S haisukumwi. Ubao unaupeleka kwa viganja,
taratibu, kama unayemgeuza mtoto usingizini,
na macho hayakai kwenye meno, yanakaa mbele ya meno,
pale mstari wa penseli haujaliwa bado.
Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Ubao si samaki. Haukunjiki.
Unayekunjika ni wewe: kiwiko, kiuno, pumzi.

Tuko tumboni mwa S, stima ikapotea.

Ukanda umekwama ndani ya mti.
Kibuye nzima jenereta zikaanza kukohoa; yetu haina petroli.
Ambaisi akanyoosha mkono auvute ubao nyuma.
"Wacha!" Ukiurudisha, ukanda unaufuata,
unachomoka kwenye gurudumu, ta!
na ukanda huu umetoka Nairobi kwa basi, ndani ya bahasha,
na hauna ndugu.
Basi tukakaa. Tukasikiliza wauza omena wakibishana
nani kahamisha debe la nani.

Ambaisi akauliza, kupitisha muda tu:
"Kwenye kitambulisho chako mbona umeandikwa Ajwang,
kama mlio wa sufuria iliyoanguka?"
Nikamwambia karani alikuwa na haraka.
Nikamwambia baba alirudi mara mbili, kwa miguu, toka Ahero,
akaambiwa mashine haina alama hiyo,
akaambiwa tena, mzee, ni kitone tu.

Saa tisa na robo taa ikawaka.
Gurudumu likaguna,
meno yakaamka palepale yalipolala,
na S ikamaliza shingo yake.

Ritifaa niliiacha mwisho.
Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba;
nikakigundisha kwanza juu ya ubao mpana,
maana vidole hivi bado nina kazi navyo.
Kichwa, mgongo, mkia, zunguka.
Vumbi lake halikujaza kijiko cha chai.

Ambaisi akaipuliza, akaipindua kwenye mwanga.
"Hiki ndicho walichoshindwa kuandika?"

Mwalimu aliagiza moja.
Nilikata mbili.