Dakika ya Arobaini na Moja

Tulikuwa watu tisa ukumbini, Oulu, mwezi wa pili,
na mmoja wetu mkata tiketi, kaja kuota moto.
Nilikaa nyuma, koti sikulivua,
kama mtu aliyeingia kuuliza njia.

Filamu ya Tuire. Ya kwanza, na huenda ya mwisho:
jiko moja, mwigizaji mmoja, kamera ya kuazima
inayotetemeka kila anayeishika avutapo pumzi.
Mwanamke anamenya viazi. Anamenya vingi mno
kwa mtu anayeishi peke yake,
halafu anakaa kuvitazama.
Hakuna linalotokea. Mzee wa mstari wa mbele akakoroma.

Lakini lile birika nalijua.
Lina kovu jeusi pale lilipoanguka
usiku tuliocheka hadi jirani akagonga ukuta kwa ufagio.
Na kiti kile cha pili, chenye mguu uliofungwa waya:
waya niliufunga mimi.
Kamera inakipita, inarudi, inakikodolea
kupita mipaka ya adabu.

Hatukugombana. Laiti tungegombana!
Ugomvi una siku yake, una mashahidi,
mtu aweza kuurudia akaomba radhi.
Sisi tulipungua tu, kama sabuni:
barua, kisha kadi, kisha salamu kupitia kwa dada yake,
kisha dada naye akahama.

Dakika ya arobaini na moja simu inalia jikoni.
Mwanamke haipokei. Mashine inabofya,
na sauti ya kijana, yenye mafua, inasema:
"Ni mimi. Nimefika. Treni ilichelewa,
usinisubiri kula."

Sauti yangu.
Miaka kumi na tisa ameitunza kwenye kanda,
na mimi hata rangi ya mlango wake nimeisahau.

Mzee akazinduka. "Nani huyo?"
Hakuna aliyemjibu.

Majina yakapanda: mpiga picha, mshona mapazia,
mwenye nyumba, paka.
Langu halikuwamo. Penye mwenye sauti
ameandika neno moja tu: rafiki.
Hakuandika aliyekuwa. Nilisubiri hadi taa zikawaka
nione kama litaongezwa.

Nje theluji imefika kwenye pedali za baiskeli yangu.
Nikatoa simu. Namba ninayo, ile ya zamani.
Vidole viliganda, au nilivisingizia.

Nyumbani nikatoa viazi. Viwili vingetosha.
Nilikuwa kwenye cha sita
nilipogundua kwamba nasikiliza mlango.