Moja, Mbili

Kijiko ndicho kilichoanza kulalamika kabla yangu.
Kilikuwa ndani ya glasi, kando ya sinki,
na kila gitaa la besi lilipokohoa kule chini
kilitetemeka kama meno ya mtoto mwenye homa.

Ijumaa ni mugithi. Jumamosi, rumba.
Jumapili ni ohangla, hadi Jumatatu inapiga hodi.
Hema la turubai, viti vya plastiki, na spika mbili
zenye kimo cha kijana wangu wa darasa la sita,
zimeelekezwa Bloku B, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni,
utadhani mimi ndiye niliyelipa kiingilio.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu.
Hii ya Shikanda ina mwaka wa nne.

Usiku mmoja, daftari arobaini na nane mbele yangu,
niligundua kwamba nasahihisha kwa kufuata mdundo:
vema, vema, kosa. Vema, vema, kosa.
Asubuhi nilimwomba radhi mtoto aitwaye Nthenya
aliyeangukia pigo la tatu.

Ndipo nikaandika barua.
Nikapanda ngazi zote za Umoja, mlango kwa mlango.
Bi Moraa alitia saini na unga mikononi;
alama ya kidole gumba ingali pale, nyeupe.
Bawabu wa ghorofa ya kwanza, anayekesha kazini mjini,
alisema: mimi usiku sipo, Mwalimu,
ila saa tisa mchana wanapojaribu vipaza sauti,
moja, mbili, moja, mbili,
miaka minne hawajafika tatu!
Akasaini mara mbili.

Kwamboka alinirudishia kalamu.
Mayai ninayochemsha nauza pale langoni, alisema.
Wakinyamaza, nani ataona njaa saa sita za usiku?
Akanipa yai. Nikalila kwenye ngazi, bila chumvi, kwa aibu.

Alhamisi tukaketi kwa chifu, chini ya mabati,
na mvua nayo ikaja kusikiliza kesi.
Shikanda alileta leseni ndani ya bahasha ya plastiki.
Mwimbaji alileta mwili wake tu:
Makokha, mwembamba, shati limepigwa pasi
mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate.
Alipoambiwa ajitetee alifungua mdomo,
na sauti yake haikuvuka meza.

Ongeza sauti, bwana, chifu alisema. Hatukusikii.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha Moraa akapasuka,
kisha benchi zima, hata Shikanda.
Mimi nilijifunika uso kwa barua yangu mwenyewe.

Lakini nilikuwa mbele. Nilimsikia.
Alisema analala chumba cha nyuma ya baa,
ukuta mmoja na zile spika,
na kwamba bintiye wa miezi mitano
amezoea; muziki ukikatika ndipo huamka akilia,
na mama yake hayupo.
Mvua ilikuwa inapiga. Chifu akanigeukia:
Amesema nini, Mwalimu?

Nikasema: Anaomba msamaha.

Hukumu ikawa nyepesi. Mwisho saa nne usiku,
na spika zigeuzwe, zisitazame Bloku B.
Tukapeana mikono. Wa Makokha ulikuwa na sugu
kwenye ncha za vidole, ngumu kama punje za mahindi,
na hakunitazama, au mimi ndiye sikumtazama.

Saa nne ikifika sasa, huzima kweli.
Husubiri dakika moja, mbili,
dirisha wazi, taa nimezima,
nikitega sikio upande wa chumba cha nyuma.
Umbali ni mkubwa. Sijasikia kitu.
Siwezi kuapa.

Jana jioni mwanamke nisiyemjua alibisha mlango.
Anatoka Bloku D. Ameambiwa mwandiko wangu ni mzuri,
angependa nakala ya ile barua.
Nikampa. Tukafuta B pamoja, kwa kifutio cha mwanangu.

Kwangu kijiko kimetulia.
Kwake, aliniambia, ni mfuniko wa sufuria.