Ndoo Hamsini

Kijana wa vipimo alifika Kitere mwezi wa saba,
upepo ukileta harufu ya salfa kutoka mikoroshoni.
Aliitwa Dastan Mpalume. Buti zake zilikuwa mpya
hadi alipovuka mfereji wa pili.

Alitandika picha juu ya gunia la mpunga:
bonde letu zima, dogo kama leso,
kwa rangi ambazo hatukuzichagua sisi.
"Imepigwa juu huko," akasema, "ndege wasikofika.
Chombo hakioni maji. Kinaona joto.
Jani lililokunywa hupoa, lenye kiu huungua.
Kwa ubaridi huo tunajua shamba limevuta maji kiasi gani,
kisha mpunga tunaugawa kwa maji."

"Kugawa?" akaruka Nannima, mwenyekiti.
"Nani kakuruhusu kugawa?"
Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Kwa kila mita moja ya ujazo," kijana akaendelea,
na macho yetu yakaanza kupotea.
Hawetu Chikoko ndiye aliyetuokoa:
"Hiyo ni ndoo ngapi?"
Akabonyeza simu yake.
"Hamsini. Zile kubwa, za lita ishirini."
Hapo kila mwanamke akagusa utosi wake.

Ndoo hamsini, kilo moja ya mpunga: hilo shamba zuri.
La mwenyekiti, ubavuni mwa lango,
linalolala majini usiku na mchana kama nyati:
ndoo mia moja na arobaini.
La Hawetu, mkiani mwa mfereji,
ambako maji hufika yamechoka, yamebeba majani ya wenzake:
ndoo arobaini na tano.

Hawetu hakupiga kigelegele.
Alikunja ncha ya kanga, akasema,
"Kumbe siyo uvivu.
Miaka sita mmenihesabia magunia.
Maji hamkunihesabia."

Kisha kidole cha kijana kikashuka,
kikasimama kwenye doa la buluu
nje kabisa ya mpaka wa mashamba.
"Hapa panakunywa kuliko kote. Mnalima nini?"

Kimya. Chura mmoja.

Mimi, Somoe, ndiye mshika ufunguo wa lango.
Napajua. Ni ufa.
Mwaka wa kwanza niliuziba kwa mifuko ya mchanga,
wa pili nikautazama,
wa tatu nikauacha, maana matete yalikuwa yameota,
na matete ndiyo ua wa nyumba yangu,
ndiyo ada ya Fadina, muhula mzima,
na kambale wawili watatu sufuria inapokosa kitu.
Kwenye karatasi yake, mavuno ya hapo: sifuri.
Mvuke mtupu.

Sikusema.
Jicho lile limepita juu yangu mara nyingi
na halikuniona, wala jembe langu.
Liligusa ubaridi tu,
kama nesi anayeweka kiganja shingoni mwa mgonjwa
kabla hajamuuliza jina.

Picha mbili zilikuwa nyeupe tupu.
"Mawingu," akasema kijana kwa haya kidogo.
"Masika hatuoni kitu."
Ndizo wiki nilizopanua ufa.

Usiku huu nimekwenda langoni peke yangu.
Nimeshusha bamba la upande wa Nannima, vidole vinne.
Ameniita mchawi asubuhi moja, ataniita tena.
Nimesikia maji yakipita, yakienda mkiani bila kusimama,
na mbali kule tochi ikawaka, ikazima:
Hawetu hulala kwa sikio moja.

Ufa nimeuziba nusu.
Nimeyaachia matete upana wa vyumba viwili,
saruji yangu pia haikutosha.
Wacha jicho lipite tena.
Doa litakuwa dogo, huenda lisionekane,
na likionekana, na Dastan akiuliza tunalima nini pale,
safari hii nitajibu mimi mwenyewe:

Ada.