Sifuri Hubaki Mlangoni

Mbili nne tatu: ndilo jina letu
tukiitwa na walio mbali.
Zinafuata tarakimu tisa, na ile sifuri ya mbele inaanguka.
Anayepiga kutoka ng'ambo huivua
kama kiatu kando ya mkeka;
anayepiga kutoka Majengo huivaa.
Namweleza hivyo Mama Kasoki kila mwisho wa mwezi,
akitaka nimwandikie upya namba ya kumpelekea binti yake
aliyeko Ubelgiji, apotezaye simu kama vifungo.
Na kila mwisho wa mwezi Mama Kasoki huuliza:
"Sasa sifuri yangu inakwenda wapi?"

Nauza vocha Birere, chini ya mwavuli wenye kiraka.
Watu hudhani namba inajua mtu anakaa wapi.
Haijui.
Themanini na moja, tisini na saba, tisini na tisa
ni kabila za kampuni, si mitaa.
Mwenye tisini na tisa labda yuko Katindo anasonga bugali,
labda yuko Walikale, shimoni,
futi arobaini chini ya mtandao.

Zamani, husema fundi Byamungu, namba ilikuwa na waya,
na waya ulikuwa na nyumba.
Kisha hunyoosha kidole kwenye mawe meusi, hanyooshi mahali hasa.

Na hewani mpaka hauna kizuizi.
Kitanda changu, upande wa kichwa ni mbili nne tatu,
upande wa miguu ni mbili tano sifuri.
Nikigeuka usingizini simu inalia: Karibu Rwanda,
na salio limeshaliwa,
na mimi sijavaa hata kandambili.

Namba ya kaka yangu Kambere
niliijua kabla ya kujua hizi kanuni.
Kampuni hazijui matanga. Laini ikinyamaza miezi kadhaa
huoshwa, hukaushwa, hupewa mwingine.
Hilo pia ninalijua, wateja ninawaambia.
Hata hivyo nilikuwa napiga, nisikie tu yule mama wa mashine
akisema mtu huyu hapatikani.

Mwezi wa kumi ikaita.
"Uko nani weye?"
Sauti ya msichana. Lubumbashi, akasema, anaitwa Ngoie,
laini ameinunua juzi sokoni.
Sikukata. Sikujua la kusema, nikamuuliza kama kuna mvua.
"Ya kwanza, leo," akasema. "Lakini niambie,
huyu Kambere alikuwa anadai watu, ao alikuwa anadaiwa?
Maana wananipigia."
Alidaiwa, nikasema. Mbao. Mbao za nyumba
ambayo haikufika dirishani.
Akanyamaza. Nilisikia bati lake likipigwa na matone,
kilomita sijui ngapi, sekunde kwa sekunde, kwa pesa yangu.

Kabla hatujaachana akaniomba vocha ya mia tano.
Nikamtumia.
Sikuhitaji anitajie namba.