Bahasha Ambayo Sikuibeba

Mimi ni tarishi wa posta, Akhisar, mtaa wa juu:
miaka ishirini na sita, viatu jozi kumi na tisa.
Najua nani anadaiwa kabla mwenyewe hajajua.
Bahasha ya benki ni nyembamba, ina kidirisha;
ya mahakama ni ya kahawia,
na mkono unaoitilia sahihi hautulii.

Bi Müzeyyen alinisubiri kila siku ya Mungu
nyuma ya lango la bati,
mikono myeupe kwa chumvi ya kulowekea zeituni.
"Kuna kitu?"
"Hakuna, mama."
Msimu mzima wa zeituni: hakuna, mama.

Nyumba yake ilikuwa rehani.
Marehemu mumewe, Şükrü, aliiweka kwa ajili ya trekta,
ile nyekundu ambayo sasa hutagia kuku.
Deni alilipa lote. Stakabadhi arobaini na moja
zimefungwa kwa uzi wa kushonea godoro,
ya mwisho ina duara la kikombe cha chai.
Dawa ya deni kulipa, watu husema.
Aliinywa dawa hadi mashapo,
ugonjwa ukabaki kwenye daftari la ardhi,
mstari mmoja wa wino,
hauli, haunywi, haufi.

Basi akafungua shauri, rehani ifutwe.
Mdaiwa ni Ruhi, mwana wa aliyekopesha,
kinyozi wa karibu na stesheni.

Jumanne moja ya Februari, saa tatu na dakika arobaini,
karani aliita majina koridoni.
Müzeyyen!
Ruhi!
Likajibu bomba la joto, likagonga mara mbili.
Hakimu akatazama kiti kitupu, na kiti kitupu,
akaandika: wahusika hawakufika, shauri limetupwa.

Saa hiyo hiyo Bi Müzeyyen alishindana na mfuniko wa mtungi.
Ruhi alikuwa amenyoa nusu ya ndevu za mwalimu.
Nami nilikuwa kona ya tanuri la mikate,
mkobani bili za umeme, gazeti la wastaafu,
kadi moja kutoka Stuttgart.
Nasema haya kwa sababu nimeulizwa.
Uliipoteza? Uliisukuma chini ya mlango wa jirani?
Nimepekua kitabu changu ukurasa kwa ukurasa.
Tarehe haikuandikwa kwenye karatasi,
karatasi haikutiwa kwenye bahasha.
Sikuibeba. Haikuwapo.

Aliyekwenda kuulizia ni Ruhi,
maana naye alitaka liishe.
Akapanda kilima na koti lake jeupe la kunyolea,
nywele za watu mabegani,
akaketi jikoni kwa mwanamke aliyemshitaki
na kufungua daftari la babake:
*Şükrü amelipa. Hatudaiani.*
Wakanywa chai, mdai na mdaiwa,
wamekubaliana kila kitu,
hawana wa kugombana naye.

Mimi nilikuwa mlangoni, na bahasha.
Ya kahawia. Hii ilichukua siku mbili tu,
jina sahihi, mtaa sahihi, hata namba ya lango:
gharama za shauri lililotupwa, zilipwe.

Bi Müzeyyen akafuta mikono kwa aproni.
"Leo kuna kitu," akasema, kabla sijafungua kinywa.
Akaomba kalamu.
Akatia sahihi polepole, herufi baada ya herufi,
kama anayeandika kwenye unga,
kisha akauliza kama nimekunywa chai.