Sekunde Arobaini

Kadi ilifika saa kumi na moja na nusu jioni,
imeviringishwa ndani ya risiti ya mafuta.
Deodatus bado ana vumbi la Chanika viatuni.
"Mzigo huo," akasema, akaenda kutafuta chai.

Nikafungua. Ua wa makuti na bati. Umati.
Askari anamwambia mtu asogee, mtu hasogei.
Kandambili moja ya bluu, ndogo, imelala kifudifudi,
na kamera inaisogelea, inaisogelea,
kama mtu anayetaka kuiokota
akakumbuka yuko kazini.

Halafu mama.
"Siwema, mzazi wa marehemu," imeandikwa kwa kalamu ya risasi.
Kipaza sauti chenye nembo yetu kiko chini ya kidevu chake
kama kijiko cha dawa.
"Mama, unajisikiaje?"

Hajibu.
Nikahesabu: sekunde arobaini.
Jogoo. Bodaboda. Mtu anakohoa nyuma ya ukuta.
Kisha: "Anaitwa Mwinshehe. Yuko la pili.
Anapenda ukoko."
Basi.

Mushumbusi, mhariri wa zamu, alisimama nyuma ya kiti changu.
"Kata hicho kimya. Kimya hakina mtazamaji.
Ukoko nao toa. Weka bei, Deo kaipata bei."
Na kweli vijana wa michoro walishamaliza jedwali,
mkono kiasi hiki, mguu kiasi kile,
safi, herufi nyeupe juu ya kijani,
jedwali lile lile la Jumatatu
la ufuta, mpunga na mahindi.

Nje ya geti letu hapa Mikocheni
Hamduni anauza vocha chini ya mwavuli, kofia pana,
losheni mpaka kwenye ncha za masikio.
Taarifa yetu huitazama duka la dawa la kona.
Mara ya mwisho tulipotaja bei
mteja alimpiga bega, akacheka:
"Kumbe mwenzetu unatembea na kiwanja cha Mbezi!"
Duka zima likacheka. Hamduni naye akacheka,
akafunga mwavuli kabla ya isha,
akazunguka njia ndefu, yenye taa.

Niseme na hili, maana hakuna atakayeniuliza.
Saa moja na dakika hamsini na tano, kila siku,
kabla tu ya taarifa ya habari, kuna tangazo:
bingwa wa nyota, mvuto wa biashara, kesi, cheo,
unalipa kwa simu, unahudumiwa popote ulipo.
Tangazo lile nimelihariri mimi.
Ngoma ile ya mwanzo niliichagua mimi,
nikaipunguza kidogo ili namba isikike.

Saa mbili kamili. Editruda akanyoosha karatasi zake.
"Mtoto mwenye ualbino ameuawa na watu wasiojulikana
katika tukio linalohusishwa na imani za kishirikina."
Wasiojulikana. Imani.
Sentensi haina mnunuzi ndani yake,
haina gari lililoegeshwa, haina simu iliyopigwa,
ina imani tu, inazurura usiku na panga peke yake.

Nilisema mashine iligoma.
Nilisema jedwali halikufunguka.
Mama alikwenda hewani mzima, na kimya chake chote,
na jogoo wake.

Kwenye sekunde ya kumi na mbili simu zikaanza.
Mbona sauti imekata? Sinza hatusikii.
Huku Tabata nimepiga piga televisheni.
Fundi wa mitambo akaangalia waya, akaangalia mimi.
Mushumbusi alikuwa anakimbia kwenye korido.

Barua ya onyo niliipata asubuhi, ina mhuri.
Jioni, saa moja na dakika hamsini na tano,
ngoma yangu ikalia kama kawaida.

Ila usiku ule, simu ya mwisho,
mwanamke, sauti ya mtu aliyesimama jikoni,
hakuuliza habari ya waya.
Aliuliza: "La pili A, au la pili B?"
Nikasema sijui.
Deo hakuuliza.