Zamu Yangu ya Upatu

Zamu yangu iliangukia Shaabani.
Wenzangu niliwaambia naenda kununua friji.
Si uongo mkubwa: mlango wa kioo pale Kiembesamaki
ulipofunguka, baridi iliyonipokea ilikuwa ya friji kweli,
nami nikaingia mzimamzima, na mtandio wangu.

"Vua, dada," akasema Nasriya,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia wengi.
Miaka kumi na tisa nimeolewa na Haroub,
na taa nyeupe namna ile
haijapata kuniangaza utosini.

Pande mbili za paji, pale zilipoanzia rasta
tangu nina miaka saba, mama akivuta na kusema
ukitaka uzuri sharti udhurike,
pamerudi nyuma kama maji ya bamvua
yaliyokupwa, yakasahau kujaa.

Na mie ndiye mpambaji. Vikokotoni nzima wananijua.
Maharusi mia mbili na kitu wamepita mikononi mwangu,
nimewatia hina, nimewasuka, nimewajaza asumini na kilua
hata ukipita nyuma yao harufu inakushika bega.
Nyumbani, mpaka taa izimwe
ndipo nami nifunue kichwa.

Sindano yenyewe fupi kuliko punje ya mchele.
Nilicheka. Nilitazamia ile ya chanjo.
Nasriya akaijaza, akataja vilivyomo:
vitamini, asidi ya hailuroniki, kitu cha kuamsha mizizi,
kama mtu anayetaja viungo vya pilau
huku kimoja akikificha.
"Sina ahadi," akaongeza. "Wengine huota. Wengine hutoboka tu."
Nilimpenda kwa hilo.

Kisha, tk. Tk. Tk.
Nilihesabu hadi arubaini na tatu, hesabu ikanipotea.
Si uchungu wa kulia. Ni wa siafu mwenye adabu:
anauma, anaomba radhi,
anasogea kidole kimoja mbele.

Wifi yangu Salha angejua, angesema:
nani azione, nawe hutoki bila mtandio?
Kitunguu maji, habasoda, mafuta ya nazi,
elfu tano tu, ushamaliza.
Nimevipaka vyote, wifi.
Mto wangu umenuka achari mwaka mzima.

Ama hilo la nani azione
nimelibeba njiani, nimerudi nalo, nimelilalia.
Kuna mkono, wifi.
Mara tano kwa siku natawadha,
na ninapopaka maji kichwa
vidole hufika pale mbele, hukuta ngozi,
husita.
Vidole havivai mtandio.

Kikao cha pili kikaangukia Ramadhani.
Nikampigia ustadhi, kwa jina la bandia:
sindano ya kichwani yafunguza?
Akauliza: ya lishe au ya dawa?
Nikanyamaza. Sikujua nywele zangu
zina njaa au zinaumwa.
Nikaenda baada ya tarawehe.

"Friji lishakuja?" wananiuliza kwenye upatu.
"Linakuja kidogo kidogo."

Vikao vitatu sasa. Upande wa kushoto
kuna kitu laini, nakipapasa kila alfajiri.
Yaweza kuwa nywele.
Yaweza kuwa pamba ya Nasriya.

Usiku wa kuamkia Sikukuu, Thureya
amekaa chini, mabega yake baina ya magoti yangu,
chanuo mkononi mwake, anasinzia.
Nasuka ovyo, mie, mpambaji,
mistari imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.
"Kaza, mama. Kesho zitafumuka."
"Na zifumuke."